Taverna Nzuri Hujulikana kwa Maharage

Karibu na Varvakios, soko kuu la nyama na samaki mjini Athens, kuna taverna iitwayo Diporto. Haina kibao mlangoni. Mteja hushuka ngazi na kuingia katika chumba cha chini ya ardhi chenye mapipa makubwa ya mvinyo ukutani, akaketi alipopata nafasi, pengine meza moja na wachuuzi wa soko asiowajua. Orodha ya vyakula hakuna pia. Analetewa kilichopikwa siku hiyo: supu nzito ya dengu, samaki, saladi, mkate. Nyumba hii imekuwa ikilisha watu tangu 1887.

Si kila taverna ya mtaani inafanana na Diporto. Nyingi zina kibao, orodha ndefu na viti vya nje chini ya mti au turubai. Lakini Diporto inatufundisha mahali pa kutazama. Samaki mkubwa wa bei kali, akiwa amevuliwa alfajiri, anahitaji chumvi, moto na limau tu; hata mpishi wa kawaida atamtoa vizuri. Bakuli la dengu linadai usiku mzima wa kuloweka, saa kadhaa za moto mdogo, mafuta mazuri na mtu anayejali. Anayetaka kuipima taverna aanze na vyakula vya bei ndogo, maana hapo ndipo uvivu wa jikoni hauna pa kujificha.

Kabla ya sahani kufika, yako mambo ya nje yanayompotosha mgeni. Mandhari ya Akropoli au ya bahari hayasemi lolote kuhusu jikoni. Meza za karatasi na viti vya kamba vilivyosukwa, vinavyopendwa sana na wapiga picha, hupatikana kwenye nyumba nzuri na mbovu vilevile. Picha za rangi za kila chakula zilizobandikwa nje, pamoja na kijana anayevuta wapita njia kwa lugha tano, ni dalili mbaya, kwani nyumba yenye wateja wa kudumu haina haja nazo. Ukumbi mtupu saa moja usiku, kwa upande mwingine, si dalili ya chochote. Wagiriki hula chakula cha jioni kwa kuchelewa, na wakati wa kiangazi meza huanza kujaa saa tatu au saa nne usiku.

Saladi ndiyo mtihani wa kwanza. Horiatiki, saladi ya kijijini ambayo dunia nzima huiita saladi ya Kigiriki, ina nyanya, tango, kitunguu, pilipili hoho, zeituni na kipande cha jibini la feta, juu yake oregano na mafuta ya zeituni. Haina majani ya saladi. Yakionekana humo, mpishi anajaza sahani kwa kitu rahisi. Nyanya zikatwe vipande vikubwa visivyolingana, ziwe zimeiva zikiwa shambani, na zitoe maji yanayochanganyika na mafuta chini ya bakuli. Mchanganyiko huo ndio mchuzi wa saladi, na mkate uliopo mezani ni wa kuchovya humo. Mlaji anayeacha mchuzi huo bakulini ameacha sehemu tamu kuliko zote.

Feta inastahili kutazamwa kwa makini. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, jina hilo tangu 2002 ni la jibini linalotengenezwa Ugiriki bara na kisiwa cha Lesbos pekee, na Mahakama ya Ulaya ililithibitisha mwaka 2005 baada ya Denmark na Ujerumani kupinga. Maziwa yake ni ya kondoo, na ya mbuzi yasizidi asilimia 30. Ya ng'ombe hayaruhusiwi kabisa. Jibini hukaa katika maji ya chumvi kwa muda usiopungua miezi miwili. Feta ya kweli ni nyeupe, ina uchachu na ukali kidogo, na ikibonyezwa kwa uma hupasuka vipande vyenye unyevu. Ile bandia ya maziwa ya ng'ombe huwa laini mno au kama mpira, na ladha yake inaishia kwenye chumvi. Taverna inayojiamini huweka kipande kizima juu ya saladi ili mteja akione na akivunje mwenyewe. Jibini lililosagwa na kunyunyizwa linaficha lilikotoka.

Halafu mafuta. Ugiriki ni miongoni mwa nchi ambazo watu wake hutumia mafuta mengi zaidi ya zeituni duniani, na familia nyingi zina miti yao au ndugu kijijini mwenye miti. Aina inayosifiwa zaidi ni Koroneiki, zeituni ndogo ya Peloponnese na Krete, ambayo mafuta yake yana harufu ya majani mabichi na huacha mwasho kidogo kooni. Mwasho huo ni sifa njema. Mafuta ya daraja la juu hayapaswi kuzidi asilimia 0.8 ya asidi, lakini mlaji hana maabara mezani, ana pua. Aweke tone juu ya mkate na kunusa. Harufu ya karanga za zamani inaonyesha mafuta yaliyochacha. Tangu 2018 mikahawa ya Ugiriki imetakiwa kuweka mezani mafuta ya zeituni katika chupa isiyoweza kujazwa tena, kwa hiyo kichupa cha mafuta kisicho na lebo kinampa mteja haki ya kuuliza.

Msimu nao unasema mengi. Nyanya nzuri ya Kigiriki ni ya kiangazi. Mwezi Januari nyumba inayojiheshimu hutoa saladi ya kabichi na karoti, au horta, mboga za majani, nyingi zikichumwa porini, zilizochemshwa na kutiwa limau na mafuta. Mhudumu anayemwambia mgeni kwamba leo nyanya si nzuri, afadhali achukue kabichi, anampa sababu ya kurudi tena.

Kwenye sahani ndogo za kuanzia, vitatu vinatosha kutoa hukumu. Tzatziki, mtindi uliochanganywa na tango na kitunguu saumu, lazima iwe nzito kiasi cha kijiko kusimama, maana mtindi umechujwa na tango limekamuliwa. Maji yakijikusanya pembeni, kazi hiyo imerukwa. Taramosalata hutengenezwa kwa mayai ya samaki yaliyotiwa chumvi, kusagwa na mkate au viazi, mafuta na limau. Iliyo nzuri ina rangi ya maziwa yaliyokolea. Ile ya waridi mwangavu kwa kawaida imetiwa rangi, na mara nyingi imetoka kwenye ndoo ya kiwandani. Cha tatu ni chipsi. Viazi vilivyomenywa na kukatwa jikoni havilingani: kimoja kinene, kingine chembamba, ncha zimekaukia rangi ya dhahabu. Vikija vyote vya unene mmoja na urefu mmoja, vimetoka kwenye mfuko wa friza. Huenda msomaji akaona jambo hili ni dogo. Lakini mwenye nyumba anayekubali kumenya gunia la viazi kila asubuhi, hali friza ingemwondolea kazi hiyo, ameshasema atakavyoshughulika na mengine yote.

Moyo wa taverna uko kwenye masufuria. Orodha nyingi zimegawanyika pande mbili: vyakula vilivyopikwa mapema, viitwavyo mayirefta, na vile vinavyotengenezwa mteja akiagiza, hasa vya kuchoma. Wageni hukimbilia vya kuchoma. Wenyeji wanaofika mchana huuliza kwanza kilichopo jikoni, na katika nyumba za zamani mteja alikaribishwa aingie mwenyewe, afunue vifuniko na kuchagua. Anayeruhusiwa kufanya hivyo leo asisite.

Humo atakuta ladera, mboga zilizopikwa polepole katika mafuta ya zeituni: maharage mabichi yenye nyanya, bamia, biringanya, briam ya viazi na mboga za kiangazi, nyanya na pilipili hoho zilizojazwa wali. Atakuta pia gigantes, maharage makubwa meupe yaliyookwa katika nyanya. Yale ya eneo la Prespa, kaskazini-magharibi, jina lake linalindwa kisheria. Haragwe lililopikwa vizuri linabaki zima, ganda halijachanika, na ndani limekuwa laini bila unga wala kiini kigumu. Mafuta yawe yametengana na nyanya na kuelea juu, ishara kwamba maji yote yamekauka na kilichobaki ni mchuzi wenyewe. Mgeni asiyejua hudhani sahani imezidi mafuta. Bila mafuta hayo, ladera ni mboga za kuchemsha tu.

Mapishi haya yanatokana na kalenda ya Kanisa la Othodoksi, ambayo ina siku nyingi za mfungo zisizoruhusu nyama, maziwa wala mayai. Ndiyo maana mtu asiyekula nyama hashindi njaa katika taverna. Na ladera hazipaswi kuletwa zikitoa moshi. Huliwa zikiwa vuguvugu, maana hapo ndipo ladha ya mafuta na mboga inaposikika. Mteja anayerudisha sahani ikapashwe moto anaiharibu.

Mousaka nayo hupikwa mapema, na inahitaji kupumzika kabla ya kukatwa. Tabaka lake nene la mchuzi mweupe si la kale kama wengi wanavyofikiri. Lilienezwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Nikolaos Tselementes, mpishi mzaliwa wa kisiwa cha Sifnos aliyependa sana mapishi ya Ulaya Magharibi, ambaye kitabu chake kiliingia karibu kila nyumba. Kipande kizuri husimama chenyewe kwenye sahani, tabaka za biringanya, nyama na mchuzi zikionekana wazi, na mdalasini unasikika kwa mbali. Mousaka iliyokuja katika kibakuli chake kimoja kimoja, moto wa kuunguza ulimi, mara nyingi imetoka friza moja kwa moja.

Kwenye nyama ya kuchoma, gyros, nyama inayochomwa ikizunguka kwenye chuma, itazamwe ikiwa bado kwenye chuma hicho. Iliyo sawa imepangwa kwa vipande vya nyama, kimoja juu ya kingine, na tabaka zinaonekana. Iliyo laini kama udongo uliofinyangwa ni nyama ya kusaga iliyogandishwa kiwandani. Aina hiyo ilienea Marekani kutoka Chicago katika miaka ya 1970. Chicago hiyohiyo, kwenye mtaa wa Halsted, mgahawa wa The Parthenon ulijulikana kwa kuwasha moto saganaki, jibini la kukaanga, mbele ya wateja, desturi isiyo ya Ugiriki. Saganaki ya Athens huja kimya, ikiwa na ukoko wa dhahabu na kipande cha limau. Wasomaji Waislamu wajue pia kwamba gyros na mishikaki ya Ugiriki kwa kawaida ni ya nguruwe. Aulizwe mhudumu kabla: choirino ni nguruwe, kotopoulo ni kuku, arni ni mwanakondoo, na hata hivyo hakuna uhakika kwamba mnyama amechinjwa kihalali. Masufuria ya ladera yanabaki kuwa kimbilio salama.

Pweza atamfurahisha mtu wa Pwani. Kama Unguja na Pemba, Ugiriki nako pweza hupigwapigwa juu ya mwamba ili alainike, kisha hutundikwa juani apungue maji kabla ya kuwekwa juu ya mkaa. Mkono wake uungue kidogo kwenye ncha na utafunike bila kupambana na meno. Aliyegandishwa si kosa, kwa sababu baridi huvunja nyuzi za nyama. Kosa ni kumficha. Orodha inapaswa kuonyesha kilichogandishwa, kwa nyota au kwa ufupisho «κατ.» Samaki wazima huuzwa kwa kilo: mteja aende kwenye barafu, atazame macho yaliyotuna na mashavu mekundu, amchague wake, na apimiwe mbele yake aijue bei kabla moto haujawashwa. Dagaa waliokaangwa, wa bei ndogo, mara nyingi ni wabichi kuliko samaki mkubwa aliyekaa siku mbili akisubiri tajiri.

Mvinyo wa nyumba nao huagizwa kwa kilo, hata kama ni kinywaji, na huja katika jagi la bati. Retsina, yenye utomvu wa msonobari, inawagawa walaji, na hakuna sababu ya kuilazimisha.

Mwishoni taverna nyingi huleta kitu bila malipo: tikiti maji, halua ya semolina, matunda yaliyopikwa kwa sukari, au glasi ndogo ya tsipouro, pombe kali ya zabibu. Kilichotolewa jikoni kwa mkono wa nyumba kina thamani kuliko peremende ya karatasini. Kisha bili. Mkate ulioletwa bila kuagizwa huwa na bei yake na mteja ana haki ya kuukataa mapema, kwa hiyo asishangae kuuona umeandikwa. Aidai risiti. Orodha za vyakula za Ugiriki huchapishwa zikiwa na tangazo, kwa Kigiriki na mara nyingi kwa lugha nyingine pia, kwamba mteja asiyepewa risiti halali halazimiki kulipa.