Mafundi wa Burbank

Ikitajwa ndege ya kijasusi SR-71, watu husifu mwendo: Julai 1976 iliweka rekodi ya kilomita 3,529 kwa saa. Waliotoboa na kuchomelea bodi yake huko Burbank, California, hawaulizwi.

Kwa kasi hiyo hewa huichoma ndege kiasi cha alumini kulegea. Ikabidi itumike titani, ambayo sehemu yake, ajabu ya Vita Baridi, ilinunuliwa kwa siri kutoka kwa Wasovieti wenyewe waliokuwa wakipelelezwa.

Titani ni kaidi. Mwanzoni ncha moja ya keekee ilitoboa matundu 17 tu, ikaisha. Mafundi wakabadili ncha, wakabadili vilainishi, wakajaribu tena na tena hadi ncha moja ikavuka matundu 100.

Kisha vichwa vya bolti vikaanza kudondoka vyenyewe baada ya kupata joto. Mchawi alikuwa spana: zilipakwa metali ya kadimi, na chembe zake zilitosha kuidhoofisha titani. Masanduku ya zana yakapekuliwa, kila spana ya aina hiyo ikaondolewa.

Fumbo gumu zaidi lilikuwa la majira. Paneli zilizochomelewa kiangazi ziliharibika mapema, za majira ya baridi zikadumu. Kwa kuwa kila kipande kilikuwa na kumbukumbu zake, jibu lilipatikana bombani: kiangazi mji ulizidisha klorini kuzuia mwani katika maji, yale yale yaliyooshea paneli, nayo klorini ikaidhuru titani. Tangu hapo paneli zikaoshwa kwa maji yaliyokenekwa.

SR-71 ya kwanza iliruka Desemba 1964. Ya mwisho ilitua Oktoba 1999.