Kumbukumbu na Hifadhi: Uhakiki wa Istilahi Mbili za Kushughulikia Matokeo ya Programu za Kompyuta

Ikisiri

Makala hii inahakiki istilahi mbili, kumbukumbu na hifadhi, jinsi zinavyotumika kueleza mahali yanapowekwa matokeo ya programu ya kompyuta. Inadai kwamba maana za kawaida za maneno hayo zimepishana na maana zake za kiteknolojia, na kwamba mpishano huo unamgharimu mwanafunzi anayejifunza kuandika programu kwa Kiswahili. Mwishoni inapendekeza marekebisho yasiyolazimu maneno yenyewe kutupwa.

1.0 Utangulizi

Kila programu inayokokotoa jambo hukabiliwa na swali moja: matokeo yake yawekwe wapi? Yanaweza kubaki katika kumbukumbu ya kompyuta muda wote programu inapofanya kazi, au yanaweza kuandikwa katika faili lililomo kwenye diski. Uamuzi huo una uzito. Kichakata huifikia kumbukumbu kwa muda wa takribani nanosekunde 100, ilhali diski inayozunguka huhitaji milisekunde kadhaa, yaani muda mrefu zaidi kwa makumi ya maelfu ya mara. Hata hivyo, kumbukumbu haidumu. Programu inapokoma, mfumo endeshi huitwaa nafasi iliyotumika na kuigawia programu nyingine. Umeme unapokatika, vyote vilivyokuwamo hupotea. Faili huchelewa, lakini hubaki.

Mwandishi wa programu anapaswa kuchagua akijua anachopata na anachopoteza. Swali linaloshughulikiwa hapa ni iwapo istilahi za Kiswahili zinamfunulia mwanafunzi uchaguzi huo au zinamficha.

2.0 Neno kumbukumbu

Sitiari ya kumbukumbu haikuzaliwa katika Kiswahili. John von Neumann, katika rasimu yake ya mwaka 1945 kuhusu kompyuta ya EDVAC, alifananisha sehemu za mashine na mfumo wa fahamu wa binadamu, na miongoni mwa sehemu hizo akataja kumbukumbu. Nchini Uingereza wahandisi wengi walipendelea neno lenye maana ya ghala. Jina la kompyuta ya EDSAC, iliyoanza kazi Cambridge mwaka 1949, lina neno la kuhifadhi ndani yake. Sitiari ya ubongo ndiyo iliyoshinda, na Kiswahili kiliipokea ikiwa tayari imekomaa.

Tatizo ni kwamba neno lililopokea sitiari hiyo lilikuwa na kazi yake tangu zamani. Katika Kiswahili, kumbukumbu si uwezo wa akili tu. Ni pia maandishi yanayobaki. Kitabu cha tano cha Biblia huitwa Kumbukumbu la Torati. Katika shule za Kenya, wanafunzi hufundishwa kuandika kumbukumbu za mkutano. Nchini Tanzania ipo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kwamba maandishi ya serikali hayapotei. Katika matumizi haya yote, kumbukumbu ni kile kinachosalia baada ya wahusika kuondoka.

Kwa hiyo tungo mbili zinazokaribiana sana kwa umbo zimekuwa na maana zinazopingana. "Weka kumbukumbu ya matokeo" ni agizo la kuyaandika ili yabaki. "Weka matokeo kwenye kumbukumbu" ni agizo la kuyashika kwa muda mahali ambapo yatafutika. Mwanafunzi anayeijua lugha vizuri ndiye aliye katika hatari zaidi, kwa sababu umilisi wake unamwelekeza kwenye maana ya kwanza.

3.0 Neno hifadhi

Neno hifadhi, linalotumika kwa tendo la kupeleka kazi kwenye faili, lina historia iliyokwenda upande wa pili. Linatokana na Kiarabu, na miongoni mwa maana zake kongwe katika pwani ya Afrika Mashariki ni kushika kwa moyo. Mwanafunzi wa chuoni anayehifadhi juzuu haiandiki popote. Anaitia kichwani hadi aweze kuisoma bila msahafu.

Hapo ndipo mpishano unapokamilika. Neno ambalo kwa kawaida hutaja maandishi ya kudumu limepewa sehemu ya kompyuta inayosahau. Neno ambalo lilitaja kushika kichwani limepewa tendo la kuandika katika faili. Kila neno limekaa kwenye kiti cha mwenzake.

Lugha jirani zinaonyesha kwamba mkanganyiko huu hauepukiki kwa shida kubwa. Katika Kinyarwanda, kwibuka ni kukumbuka na kubika ni kuweka akiba. Katika Kiganda, okujjukira na okutereka hutenganisha dhana hizohizo. Msemaji wa lugha hizo anayejifunza kompyuta kwa Kiswahili huja akiwa na mpaka ulio wazi, kisha hukuta umefifia. Wasemaji wa Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo waliosoma kwa Kifaransa wamezoea istilahi inayoiita kumbukumbu ya aina hii "hai". Kivumishi hicho angalau kinadokeza kwamba kilicho hai kinaweza kufa.

4.0 Gharama ya mpishano

Inaweza kudaiwa kwamba istilahi ni lebo tu, na kwamba wataalamu hawakanganyiki. Hoja hiyo ina ukweli, lakini mtaalamu anayetajwa kwa kawaida aliijua dhana kwa Kiingereza kwanza. Kwake neno la Kiswahili ni kidole kinachoelekeza kwenye neno jingine. Anayeanza kwa Kiswahili hana neno jingine. Analo hilo tu, pamoja na maana zake zote.

Chukulia programu inayohesabu mara ambazo kila neno limetokea katika maelfu ya kurasa za magazeti. Njia ya kwanza ni kushika hesabu zote katika kumbukumbu na kuziandika katika faili mwishoni. Ni njia ya haraka, lakini programu ikikatizwa katika saa ya tano, kazi ya saa tano imepotea. Njia ya pili ni kuandika katika faili hesabu ya kila toleo la gazeti linapomalizika, ili programu iweze kuendelea ilipoishia. Mwanafunzi anayeamini kwamba kilichomo katika kumbukumbu kimeshatunzwa hataona sababu ya njia ya pili.

Hata anayeichagua faili hajavuka hatari yote. Maktaba sanifu ya lugha ya C kwa kawaida haipeleki kila herufi kwenye faili papo hapo. Huzikusanya herufi katika bafa, yaani sehemu ndogo ya kumbukumbu, hadi ijae au faili lifungwe. Matokeo yakielekezwa kwenye skrini, kwa kawaida bafa humwagwa kila mstari unapokamilika. Yakielekezwa kwenye faili, husubiri bafa ijae. Ndiyo maana programu ileile inaweza kuonyesha matokeo sahihi kwenye skrini, lakini inapoendeshwa ikiandika katika faili na kukatizwa ghafla ikaacha faili tupu. Zaidi ya hayo, hata bafa ikishamwagwa, mfumo endeshi wenyewe unaweza kuyashikilia matokeo katika kumbukumbu kabla ya kuyafikisha kwenye diski. Kauli "matokeo yamehifadhiwa" ina ngazi tatu za ukweli, na istilahi iliyopo haizitofautishi.

5.0 Mapendekezo na hitimisho

Kulifuta neno kumbukumbu hakuwezekani na hakufai. Limekwisha kuota mizizi. Kinachowezekana ni mambo mawili. Kwanza, katika vitabu vya kufundishia neno hilo lisiachwe peke yake. Liandikwe "kumbukumbu ya muda" kila linapotajwa kama mahali pa kuweka matokeo, na kwa upande wa diski isemwe "hifadhi ya kudumu". Kivumishi ndicho kinachobeba dhana, hivyo kukiacha katika kutajwa kwa pili ni kuiacha dhana yenyewe.

Pili, ufafanuzi utumie taswira ambayo mwanafunzi anaijua: ubao na daftari. Kilichoandikwa ubaoni huonekana na wote, hurekebishwa kwa urahisi, na hufutwa kipindi kinapoisha. Kilichoandikwa daftarini huchukua muda zaidi, lakini huenda nyumbani. Simu nyingi zenye maelezo ya Kiswahili tayari zina "ubao wa kunakili", na watumiaji wanajua kwamba walichonakili huondolewa na wanachonakili baadaye. Taswira hiyo inaeleza hata bafa: ni maneno yaliyo ubaoni yakisubiri kuingizwa daftarini.

Kiswahili kinadai nafasi ya kuwa lugha ya kufundishia sayansi katika ukanda mzima. Dai hilo halithibitishwi na wingi wa istilahi zilizoorodheshwa. Linathibitishwa pale mtu asiye na lugha nyingine ya kompyuta anapoweza kusoma maelezo, akaandika programu, umeme ukakatika, na asubuhi akayakuta matokeo yake.