Sahani Inayorudi Jikoni

Nyumba tuliyopanga Shela, kisiwani Lamu, ilikuwa na zidaka ukutani, dari ya boriti, na paa la makuti lililopitisha upepo mchana kutwa. Tulikuwa sita, pamoja na mama yangu. Uzuri wa jengo wengine wameshausimulia. Mimi nataka kumsimulia mpishi wake.

Asubuhi ya kwanza mvuvi alipiga hodi na ndoo yake. Mpishi hakuanza na bei. Alimtoa changu mmoja, akafunua shavu kuona wekundu wake, akatazama jicho, kisha akabonyeza ubavu kwa dole gumba na kungoja nyama irudi. Wa pili alimrudisha ndooni, na mvuvi hakubisha.

Baadaye alikaa juu ya mbuzi kukuna nazi. Mkono ulikwenda polepole, akikizungusha kifuu kila mara ili meno ya mbuzi yasifike kwenye ganda la ndani, maana likikunwa nalo tui hupoteza weupe. Tui la kwanza, zito, aliliweka kando. La pili, jepesi, akalipikia wali. Lile zito alilipaka kwenye samaki akiwa tayari juu ya makaa. Nilisimama mlangoni nikitazama, hata chai yangu ikapoa.

Hatukuulizwa tunapenda nini. Yeye alizisoma sahani zilizorudi jikoni. Mama alikuwa amesukuma pilipili pembeni. Mlo uliofuata pilipili ikaja peke yake katika kibakuli, mbali na alipoketi. Siku ya tatu uji wake ulikuwa tayari alipomaliza kuswali alfajiri.

Hoteli ya daraja la juu ina ufundi wake, nami nauheshimu. Ritz-Carlton wanajulikana kwa kumruhusu mfanyakazi kutumia hadi dola 2,000 kumtatulia mgeni tatizo, bila kungoja kibali cha mkubwa wake. Kumwamini mfanyakazi kiasi hicho ni jambo kubwa. Na ukiugua saa nane za usiku, hotelini kuna mtu aliye macho mapokezi. Ila hoteli huendeshwa kwa zamu, na anayekuletea kahawa asubuhi si anayekuandalia chakula cha usiku. Tabia zako huandikwa ili wa zamu inayofuata azikute. Mpishi wa Shela alituweka sote sita kichwani mwake.

Tena alifanya hivyo ndani ya nyumba tulimolala, tulimogombana na kupatana, na hapo ndipo naona ugumu wa kazi yake. Hotelini korido na mlango hukutenganisha na wahudumu. Yeye alikuwa na ngazi moja tu ya kupanda darini tulikopumzika, na kila alipoifikia alikohoa chini, akangoja kidogo, ndipo akapanda. Tulipokuwa na maneno yetu, sinia ilibaki kwenye ngazi.

Siku ya mwisho mama aliteremka jikoni bila kuitwa.

“Sabalkheri, mwanangu.”

“Sabalkheri, mama. Karibu.”

Akaitazama nazi iliyopasuliwa, asiseme neno. Mpishi aliinuka, akaifuta mbuzi kwa kitambaa safi, akamwachia mama. Mwenyewe akavuta kigoda, akapakata ungo na kuanza kuchagua mchele.