Kitabu cha Mahali Pasipo na Daktari

Kiko kitabu ambacho wengi wenu mmepata kukiona, nacho chaitwa Mahali Pasipo na Daktari. Mwandishi wake ni Bwana David Werner, Mmarekani aliyesomea elimu ya viumbe, wala yeye mwenyewe si daktari. Alikaa miaka mingi na wanavijiji wa milima ya magharibi ya Meksiko, akakiandika kwa Kihispania kwa ajili yao. Mwaka 1977 kilitoka kwa Kiingereza, na tangu hapo kimefasiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili ikiwa mojawapo.

Twapenda kukipima sasa kwa kuwa haja imekuwa kubwa. Tarehe 31 Januari 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa kupata wahudumu wa afya 137,294 kwa muda wa miaka mitano, yaani mwanamume mmoja na mwanamke mmoja kwa kila kitongoji na kila mtaa. Vitongoji vyetu vya Binza vimo katika hesabu hiyo. Je, kitabu hiki chamfaa mhudumu wa namna hiyo?

Kwanza twakisifu kwa kuwa chaanza na mtu kabla ya kuja kwa dawa. Chamwambia mhudumu kwamba kufundisha ndiyo kazi yake kuu, na kwamba yampasa kuheshimu watu na desturi zao. Dawa za nyumbani hakizidharau zote, wala hakizisifu zote. Chaonyesha zipi zasaidia, zipi hazina faida wala hasara, na zipi zadhuru. Shauri hili lafaa sana katika Usukuma, ambako wagonjwa wengi hupita kwa mganga wa mitishamba kabla ya kufika zahanati. Mhudumu aingiaye nyumbani kwa dharau hataambiwa ukweli wa ugonjwa.

Pili, chafundisha kuponya pasipo dawa, kwa maji, chakula na usafi. Mtoto aharaye huuawa na kukaukiwa maji mwilini. Mama ajuaye kumnywesha maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, kidogo kidogo, amekwisha kumsaidia kabla hajafunga safari. Tena chawaonya wapendao sindano kwa kila maradhi.

Lakini kuna hatari, nayo si ndogo. Mafundisho ya usafi hayazeeki, bali dawa huzeeka. Chapa za kwanza zilifundisha kutibu malaria kwa klorokwini. Tanzania iliacha kuitumia kuwa dawa ya kwanza mwaka 2001, kwa kuwa vijidudu vya malaria vilikuwa vimeizoea. Ikafuata SP, na mwishoni mwa 2006 dawa mseto. Tena siku hizi homa hupimwa kwanza, maana si kila homa ni malaria. Basi mhudumu akifungua nakala kuukuu usiku, mbele ya mtoto mwenye homa, akafuata aliyoyasoma, aweza kumpoteza mtoto huyo kwa moyo mwema kabisa. Hatumlaumu mwandishi, kwa kuwa chapa za baadaye zimesahihishwa. Twamlaumu yule asomaye pasipo kutazama mwaka.

Hata jina la kitabu lataka uangalifu. Hapa kwetu njia ya mgonjwa haiishii kwa mhudumu. Iko zahanati, kiko kituo cha afya, na mbele yake hospitali za Maswa na Bariadi. Mhudumu ni ngazi ya kwanza tu. Kitabu chenyewe chaorodhesha dalili za hatari ambazo mgonjwa akiwa nazo apelekwe mbele upesi, nasi twashauri kila mhudumu aanzie hapo. Ila kitabu hakiwezi kutoa baiskeli, nauli wala posho. Zamani, wahudumu wengi wa vijijini waliachwa walipwe na vijiji vyao, na kwa kukosa malipo wengi wakairudia jembe. Wazee wa kijiji wasidhani kwamba kumpa mtu kitabu ni kumpa kazi.

Hukumu yetu ni hii: kitabu hiki ni chema, nacho chastahili kutunzwa. Sura za mafundisho zisomwe kwa sauti, hata mbele ya wasiojua kusoma. Sura za dawa zisitumiwe mpaka mganga wa zahanati amezilinganisha na mwongozo wa sasa. Na kila aliye na nakala nyumbani aitazame leo, asome imechapwa mwaka gani.