Onyo Hili Limeandikiwa Nani?

Kuna aina moja ya maandishi ambayo sisi wahakiki hatuigusi: onyo. Yale maneno yanayotokea kabla gemu haijaanza, huku kidole tayari kinatafuta kitufe cha kuendelea. Nimeamua kusoma moja kama ninavyosoma hadithi: nani anasema, anamwambia nani, na nani hakufikiriwa kabisa. Ni onyo la miwani ya VR kuhusu kifafa.

Kwa ufupi, linasema kwamba takriban mtu 1 kati ya 4,000 anaweza kupata kizunguzungu kikali, mshtuko wa kifafa au kuzimia kwa sababu ya mwanga unaowaka na kuzima haraka, hata kama hajawahi kupatwa na hali hiyo maishani. Mwenye historia ya kifafa amwone daktari kwanza. Hapo hakuna uongo. Kati ya kila watu 100 wenye kifafa, kama 3 hivi ndio ambao mwanga huwachochea, na wengi wao ni watoto na vijana. Desemba 1997 huko Japani, kipindi kimoja cha Pokémon kilionyesha taa nyekundu na buluu zikipishana kwa kasi, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali. Wengi wao hawakuwa na historia ya kifafa. Na hiyo ilikuwa TV ya sebuleni tu.

Kisha njoo Desemba 2020. Gemu ya Cyberpunk 2077 ilikuwa na kifaa cha kubuni cha kuvaa kichwani, cha kukuingiza ndani ya kumbukumbu za mtu mwingine. Kilipowashwa, taa nyekundu na nyeupe zilikurupuka machoni pa mchezaji. Mwandishi wa jarida la Game Informer, Liana Ruppert, ambaye ana kifafa, alipata mshtuko mkubwa akiicheza kwa ajili ya uhakiki. Akaandika kwamba zile taa zilifanana na kifaa wanachotumia madaktari kuchochea mshtuko kwa makusudi wakati wa vipimo. Kampuni iliongeza onyo, halafu ikabadilisha taa zenyewe. Kwangu mimi hapo ndipo pana somo: siku chache zilitosha kurekebisha kazi yenyewe. Tatizo halikuwa ufundi. Ni kwamba hakuna aliyemfikiria mtu wa aina yake mpaka alipoanguka.

Sasa turudi kwenye onyo. Linamwazia msomaji wake hivi: ana miwani yake mwenyewe, anajua Kiingereza, na daktari yuko umbali wa simu moja. Huyo mtu yupo, sikatai. Lakini si Mbwajumali.

Idi moja kijana wetu alirudi kijijini na miwani ya VR kutoka Mombasa. Baraza lilijaa. Foleni ya watoto, kila mmoja dakika tano, kelele, vicheko, mtu anapiga ngumi hewani. Onyo lilisomwa na mmoja tu, yule aliyeiwasha mara ya kwanza. Wale ishirini waliofuata hawakuliona hata herufi. Zamu ikafika kwa mvulana mmoja ambaye mtaa mzima unajua huwa anaanguka, na mtaa mzima hausemi. Shangazi yake akamvuta mkono: "Wewe usivae hiyo, mwanangu." Mwenye miwani akauliza, "Kwani kuna nini?" Kimya. Mvulana akaenda kukaa ukutani, foleni ikasonga.

Nimeifikiria sana ile kimya. Onyo linadhani swali la "una kifafa?" ni swali dogo la afya. Kwetu Pwani si dogo. Kifafa kinasomwa kama pepo, kama jini, kama jambo la ukoo. Kinaweza kuvunja posa. Wapo wanaoamini povu la mdomoni linaambukiza, kwa hiyo mtu akianguka watu wanarudi nyuma badala ya kumsogelea. Hata lugha inatuchokoza: VR kwa Kiswahili ni uhalisia pepe, na kutoka pepe hadi pepo ni herufi moja tu. Ukimwambia mtu ajitaje mbele ya foleni, atanyamaza. Na yule mvulana alinyimwa mchezo bila mtu yeyote kujua kama yeye ni miongoni mwa wale 3 au wale 97.

Halafu kuna jambo ambalo nadhani onyo lingelianza nalo. Mtu anayesumbuliwa na mwanga hushauriwa afunike jicho moja kwa kiganja na ageukie pembeni. Ndani ya miwani ya VR kiganja hakifiki, na ukigeuka, picha inageuka nawe. Isitoshe, si kila mshtuko ni kuanguka. Mwingine ni kukodoa macho na kupotea kwa muda mfupi. Kwenye chumba cha PlayStation jirani yako angeuona uso wako. Hapa uso umefunikwa, na kila anayetetemeka anaonekana anacheza.

Sisemi tuogope teknolojia hii. Ni yetu pia: mwaka 2017 The Nest Collective ya Nairobi ilitoa filamu ya VR, Let This Be a Warning, kuhusu Waafrika walioihama dunia na kujenga makao kwenye sayari nyingine. Ukiweza kuwaza sayari, unaweza kumwaza mvulana wa Mbwajumali. Kanuni ya mitandao iko wazi: mwanga usiwake na kuzima zaidi ya mara 3 kwa sekunde. Msanii anayevuka hapo anapaswa kuwa na sababu, na mtazamaji awe na kitufe cha kuzima.

Na onyo liandikwe upya, kwa Kiswahili, kwa ajili ya baraza zima. Lisimwulize mtu yeyote siri yake. Liseme hivi: Anayevaa akae chini. Mmoja wenu amwangalie yeye, si simu. Akinyamaza ghafla au akikakamaa, mvueni miwani, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, msimshike kwa nguvu, msimtie kijiko mdomoni. Angalieni saa, zikipita dakika 5, mpelekeni hospitali. Povu haliambukizi. Akizinduka, kaeni naye.

Maneno hayo hayafiki hata 50, na shangazi angeweza kuyasoma kwa sauti bila kumtaja mtu.