Baina ya Magari Mawili ya Moshi: Uhakiki wa Habari za Safari za Ulaya katika Kiswahili

Katika nathari yetu iko aina moja ya maandishi ambayo wahakiki huipita upesi, kama yenyewe inavyoipita miji inayoisimulia. Nayo ni habari ya msafiri aliyeteremka katika mji wa ugenini kwa saa chache, akautazama, akarudi stesheni kulidiriki gari la moshi la kumpeleka mbele. Aina hii si changa, wala haielekei kufa. Vijana wa Afrika ya Mashariki wasomao Ulaya hutia nguo mbili tatu katika shanta wakati wa likizo, hununua tikiti ya nchi nyingi, na warudipo huandika. Tukisoma habari kumi za namna hiyo huona tabu kukumbuka ipi ilikuwa ya nani.

Shutuma itolewayo kwa kawaida ni kwamba mwandishi hakukaa. Mtu wa saa sita, husemwa, ana nini cha kutueleza juu ya mji wa karne nyingi? Shutuma hii siikubali. Haraka si kosa la uandishi. Ni hali ya msafiri, kama umaskini au ujana. Kosa ni kuificha haraka hiyo ndani ya sarufi, na makala hii yakusudia kuonyesha mahali inapofichwa.

Tuanze na neno lenyewe. Mtu wa namna hii siku hizi huitwa mtalii, na kazi yake utalii. Kitenzi talii asili yake ni Kiarabu, na katika lugha hiyo ni kusoma kwa makini, kukipitia kitabu kwa kukichungua. Kutoka shina lilo hilo tumepata mutalaa, yaani usomaji wa mtu aliyetulia. Basi neno lililokuwa la mtu aketiye mbele ya kitabu limekuwa la mtu asiyeketi popote. Sisemi kwamba lugha imepotoka, maana maneno yana haki ya kuhama. Nasema kwamba neno hili limehama na deni lake: tumwitapo mtu mtalii, tungali na haki ya kumwuliza amesoma nini.

Sasa tutazame sarufi. Kiambishi -ka- ni hazina kubwa ya msimuliaji wa Kiswahili. Kitenzi kimoja chenye -li- kikiisha kufungua habari, -ka- hushika kamba na kuvuta tendo baada ya tendo hata mwisho. Katika habari za safari za miguu, kama zile za Sleman bin Mwenyi Tshande na Mtoro bin Mwinyi Bakari zilizomo katika mkusanyo wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli, uliochapishwa mwaka 1901, kiambishi hiki kilikuwa na uzito wake. Katika safari kama hizo kuvuka mto kwaweza kuwa kazi ya nusu siku, na kulala ni usiku mzima wa njaa au wa shibe. Msomaji wa wakati ule, ambaye mwenyewe alijua kutembea, aliujaza muda huo kwa kumbukumbu za miguu yake. Tendo moja lilikuwa kubwa, na -ka- moja ilitosha kulibeba.

Gari la moshi limeiharibu hesabu hiyo. Tazama mfano huu, ambao nimeutunga mwenyewe kwa kufuata kawaida ya maandishi hayo, bila ya kumlenga mtu:

Niliteremka Köln saa nne asubuhi, nikaweka shanta yangu stesheni, nikatoka, nikaona kanisa kubwa sana, nikapiga picha, nikaenda mtoni Rhine, nikaona daraja, nikala mkate na soseji, nikarudi stesheni, nikapanda gari la saa kumi.

Sentensi hii haina kosa ambalo mwalimu angelitia wino mwekundu. Lakini tuzihesabu -ka- zake: ni tisa. Kanisa lile lilianzwa mwaka 1248 na kumalizika mwaka 1880, na minara yake ina urefu wa mita 157. Nalo limepewa -ka- moja ya kuonwa. Soseji nayo imepewa -ka- moja. Tarehe na vipimo hivyo nimevitia mimi, na msafiri hana haja ya kuviazima katika kitabu cha kuongozea wageni. Ninalolitaja ni usawa uliotiwa na kiambishi, ambao macho ya mtu hayakuwa nao. Hapana mtu aliyetoka katika stesheni ya Köln, akakutana na ukuta ule mlangoni, akautazama kwa kadiri aliyoitazama soseji.

Liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Kiambishi -ka- cha kusimulia hakina umbo lake la kukanusha. Twasema nikaona, atakaye kusema kinyume chake hana budi kuiacha kamba na kurudi kwenye sikuona. Mwandishi aliyejifunga kwa -ka- tangu asubuhi hata jioni amejinyima, labda bila ya kujua, njia ya kusema kile asichokiona. Na katika siku ya saa sita, asichokiona mtu ndicho kilicho kingi. Hivyo habari nzima hutoka ikiwa na sura ya ukamilifu: kila kitajwacho kilionwa, na kisichotajwa ni kama hakikuwako. Hapo ndipo haraka inapojificha.

Siku ile ile yaweza kuandikwa hivi:

Nilikuwa na saa sita. Kanisa limesimama mlangoni mwa stesheni, hata nilipotoka sikujua kama nimekwisha kuliona au bado, kwa kuwa macho yalifika ukutani tu. Nilikuwa nikirudi nyuma ili niuone mnara, na kila nilipojaribu nilimgonga mtu mwingine arudiye nyuma kama mimi. Ndani sikuingia, watu walikuwa wengi mlangoni, nami niliogopa saa. Mto niliuona kutoka darajani, sikuushukia.

Maneno yameongezeka, lakini maarifa ya historia hayakuongezeka hata kidogo. Kilichoongezeka ni -ki- ya kurudia-rudia, hali ya -mekwisha inayotia shaka, na vikanushi vitatu. Msomaji sasa anajua alikosimama mtu huyu, na kile alichokiacha. Ameusoma mji ukurasa mmoja, naye akiri kuwa ni ukurasa mmoja. Huyu amelipa deni la neno talii.

Kwamba jambo hili lawezekana katika Kiswahili si ndoto ya mhakiki. Katika mkusanyo ule ule wa Velten imo habari ya Salim bin Abakari, Mngazija, aliyefuatana na bwana wake, Bumiller, mwaka 1896 kutoka Berlin kwenda Urusi hata Siberia, na kupita nchi za Asia ya Kati. Salim alikuwa mtumishi. Hakuchagua njia, wala saa ya kuondoka haikuwa yake. Kama iko habari iliyokuwa na udhuru wa kuwa orodha, ni hii. Lakini Salim ana jambo ambalo vijana wa shanta wamelipoteza: anaeleza jinsi watu walivyomkusanyikia kumtazama yeye. Hapo mtazamaji hutazamwa, na msomaji hupata kujua kwamba jicho lile lilikuwa na mwili, na mwili ule ulikuwa mahali fulani kati ya watu fulani. Habari yake ni ya mpita njia, naye hajifanyi mwenyeji.

Mfano wa pili ni Martin Kayamba. Mwaka 1931 yeye, pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba, waliitwa London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Mwaka uliofuata Kayamba alitoa kitabu ambacho jina lake laanza kwa maneno Tulivyoona na Tulivyofanya. Naomba wasomaji waitazame -vyo- hiyo. Kayamba hakuandika Tuliyoyaona. Angeandika hivyo, angekuwa ameahidi vitu. Kwa -vyo- ameahidi namna. Ni ahadi ya shahidi, na shahidi hujua kwamba akiisha kusema ataulizwa alikuwa amesimama wapi. Yawezekana kubishana juu ya kadiri kitabu kilivyoitimiza ahadi hiyo, maana wageni walioalikwa na wakubwa huwa na shukrani nyingi kuliko maswali. Walakini jina lake ni sheria nzuri kwa kila aandikaye habari za safari.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo madogo ya viambishi, na kwamba Köln haitapungukiwa na kitu kijana wetu akiiandika vibaya. Ni kweli, Köln haitapungukiwa. Lakini sisi wa Kisarawe na Kibaha tuna sababu ya karibu ya kulijali jambo hili, kwa kuwa tumekuwa watu wa kupitwa kwa zaidi ya miaka mia. Reli ya Wajerumani ilianzwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, nayo ilipita Pugu, Soga na Ruvu. Mwaka 2024 reli mpya ya gari la umeme ilianza kuchukua abiria katika upande huo huo, kwa mwendo ambao macho ya dirishani hayawezi kuutofautisha mkorosho na mwembe. Abiria wa Morogoro na Dodoma hutuona kila siku, nasi hatuwezi kusema kwamba hawajatuona.

Basi tumgeuze yule kijana wa shanta. Tuseme ni mgeni kutoka Ulaya, ameteremka upande wa Pugu asubuhi, na gari lake la kuendelea ni la jioni. Anapanda Kisarawe, anashuka tena, anazunguka hata Kibaha kwa basi, anarudi. Akiandika kwamba akaona msitu, akaona shule juu ya kilima, akaona mananasi barabarani, akaona hospitali, hatutamwita mwongo. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi upo. Shule ya Minaki ipo. Mananasi yapo, na Hospitali ya Tumbi ipo.

Lakini mwenyeji aisomapo habari hiyo husikia ubaridi. Minaki ilihamia katika vilima vya Kisarawe mwaka 1925, ikitoka Kiungani ya Unguja. Na Kiungani ndiko alikosomea yule yule Kayamba aliyekwenda kuwa shahidi London. Kibaha nako kuna shirika la elimu lililoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za kaskazini ya Ulaya, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, likakabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Mgeni wa saa sita hawezi kuyajua haya, wala hatumdai ayajue. Twamdai neno moja tu: kwamba alipita, na kwamba nyuma ya ukuta wa shule mlikuwa na jambo ambalo hakuliuliza. Neno hilo lingetupa heshima yetu, nalo halimgharimu hata dakika moja ya safari yake.

Tukilidai hilo kwa mgeni wetu, hatuna budi kulitoa tuwapo wageni. Zaidi ya hayo, kijana wa Kibaha ashukapo Stockholm au Copenhagen kati ya magari mawili haingii mji asioujua kabisa. Anacho kipimo mkononi, maana amekulia jirani na madarasa yaliyojengwa kwa fedha za watu wale. Akiandika kwamba mji ni mzuri na safi sana, ameandika aliloweza kuandika mtu yeyote. Akiandika kwamba alitafuta katika nyuso za watu wa stesheni ni nani anayelijua jina la Kibaha, na kwamba hakupata muda wa kumwuliza hata mmoja, ameandika sentensi ambayo Mswidi hawezi kuiandika, na ambayo imejengwa juu ya kitu kisichotokea.

Yupo atakayenijibu kwamba vikanushi vikizidi, habari ya safari itakuwa orodha ya ujinga badala ya orodha ya maajabu. Jibu langu ni kwamba sikudai viwe vingi. Mfano wangu wa pili unavyo vitatu, na huenda kimoja ni cha ziada. Wala sikusema kwamba -ka- iachwe. Palipo na mfuatano wa kweli, ambapo tendo moja lazaa jingine, hapana kiambishi kinachofaa kuliko hicho, na lugha nyingi zingetuonea wivu. Nalaumu -ka- inayofuatanisha vitu ambavyo havikuzaana, bali vimekutana tu katika siku moja ya mtu mwenye haraka.

Kwa hiyo nashauri kwamba tukipokea habari ya namna hii, iwe kwa kuichapa au kwa kuisahihisha darasani, tusiihesabu kwa siku alizokaa mwandishi. Tutafute ndani yake mahali kamba ya -ka- ilipokatika, na tuone ilikatwa na nini. Ikiwa ilikatwa na kitu kilichomsimamisha msafiri, au na kitu alichokiri kwamba kimempita, habari hiyo yastahili kuhifadhiwa, hata kama ni ya saa mbili. Ikiwa haikukatika popote kutoka stesheni hata stesheni, basi tumesoma ratiba ya magari. Wenye mifano inayopinga hukumu hii na wailete, nami nitafurahi kuisoma.