Hongera, Wakutubi wa Ngamia

Tangu 1996, wakutubi wa Huduma ya Maktaba za Taifa ya Kenya wamekuwa wakitoka Garissa na ngamia waliopakiwa masanduku ya vitabu, kuwafuata watoto wa wafugaji wanaohamahama. Ngamia mmoja hubeba vitabu, mwenziwe hema. Mnyama mwenye maringo yale, leo mtumishi wa maktaba!

Ngamia ndiye anayepigwa picha. Mimi nampongeza mkutubi, hasa kwa kazi yake na watoto wa darasa la nne hadi la sita. Umri huu ni mgumu. Mtoto keshamaliza kuunganisha silabi, na vitabu vya picha anaviona vya wadogo zake. Ukimpa cha kiada tu, atasoma kwa ajili ya mtihani basi. Kwenye mkeka, chini ya hema, anachagua mwenyewe. Anaruhusiwa hata kukiacha katikati, kikimchosha, achukue kingine. Darasani nani angemruhusu?

Kisha anaazima, anaondoka nacho. Jioni, mbuzi wakishaingia zizini, bibi asiyejua kusoma anasomewa, naye anauliza: “Halafu ikawaje?”